Kiboko Aliyeitisha Udi

Hapo zamani za kale, enzi viboko wakiogelea mpaka baharini na chumvi haiwawashi macho, palikuwa na marafiki wawili, Kiboko na Kindi. Mtawasikia wengine wakiisimulia hadithi hii. Wanababaisha tu, watoto! Anayeijua nzima ni mimi. Hata ukoo wa Kobe huja kwangu kuuliza bibi yao alisema nini.

Basi, Kiboko akamwambia mwenzake, "Kindi, mdogo wangu, matope yamenichosha. Twende kisiwani tukapumzike, tutembee, tule vya watu."

"Mimi sijui kuogelea, kaka."

"Utapanda mgongoni. Ila sharti ni moja: aliyebeba ndiye anayekula kwanza."

Kindi akawaza, kula kwanza si kula vyote. Akaruka mgongoni, tii! Wakaenda, chubwi, chubwi, mpaka ng'ambo.

Lo! Kisiwa kilikuwa kizuri hicho! Walizunguka magofu ya majumba ya zamani, wakaingia pango lenye maji ya baridi, wakapita mashamba ya karafuu wakinusa mpaka wakapiga chafya. Na kila walipofika, wenyeji waliwatengea chakula. Na kila walipotengewa, Kiboko aliuliza, "Nani aliyebeba?"

"Wewe, kaka."

"Basi ngoja."

Pweza wa nazi, hap! Mkate wa ufuta, hap! Matunda ya shokishoki beseni zima, na maganda yake! Kindi alibaki kulamba sahani. Tumbo likamwingia ndani, mkia ukanyong'onyea kama utambi uliokosa mafuta.

Siku ya kuondoka, mwenyeji wao Bi Kobe akasema, "Wanangu, mchana nawapikia biriani ya kuwaaga."

Kindi akasikia machozi yakimlenga. Biriani yenyewe ataiona ikipita tu! Akaenda jikoni kusaidia kuchambua mchele, angalau apate harufu. Huko akaona chetezo kimewekwa tayari, na makaa pembeni.

"Bibi, hiki cha nini?"

"Hicho cha mwisho, mwanangu. Mgeni akishakula na kunawa, tunamfukiza udi, tunamnyunyizia marashi, ndiyo tumemuaga. Akiuitisha mwenyewe, ujue kashiba, anataka ruhusa aende zake."

"Na akitaka kurudi kwenye sinia?"

"Ayaa! Arudi vipi keshafukizwa? Watu watasema tumemtoa na njaa. Aibu yake na yetu!"

Kindi akaweka ungo chini. Huyo, mbio!

Akamkuta Kiboko kajilaza barazani, anachokoa meno.

"Kaka, huko jikoni wananong'ona. Wanasema eti wewe si mkubwa."

"Nani kasema?"

"Eti wakubwa wa hapa hawatii tonge mdomoni kabla ya kunukia. Mkubwa akiona sinia tu, anaitisha udi kwa sauti. Anayenyamaza wanamjua ni mtu wa matope, wanampa ukoko."

"Ukoko? Mimi?" Kiboko akainuka, baraza ikatikisika. "Watanijua leo!"

Sinia likaja. Biriani inafuka, kuku wamelala juu yake wekundu, achari ya embe kando. Kindi akainamisha kichwa. Kiboko akavuta pumzi.

"BI KOBE! UDI!"

Bi Kobe akajishika kifua. "Udi, mwanangu? Hata hujaonja!"

"Udi! Tena mwingi!"

"Makubwa! Haya, mgeni kashiba. Hatumlazimishi."

Chetezo kikawekwa chini ya tumbo lake, shuka ikatupwa juu, moshi fuuu! Marashi, chwa, chwa, chwa! Kisha wajukuu wa Kobe wakamzunguka, wakamsukuma kwa heshima zote mpaka nje. "Safari njema, babu mkubwa!" Mlango, pu!

Kiboko kasimama uani, ananukia kama bibi harusi.

"Hodi! Na biriani je?"

"Usitutie aibu, mwanangu!" Bi Kobe akajibu kwa ndani. "Nenda salama!"

Ndani, Kindi alikuwa keshakunja mikono ya kanzu.

"Mwenzio ana nini?" Bi Kobe akamuuliza.

"Hali sana huyo, bibi."

Jioni haijafika, Kindi akatokea ufukweni, tumbo duara kama dafu, kabeba kifurushi cha majani ya mgomba. Kiboko kumwona tu, akafoka, "Umenichezea wewe! Utabaki hukuhuku!"

Kindi, paru paru paru, juu ya mnazi. Akafungua kifurushi kidogo tu, harufu itoke.

Pua za Kiboko zikapanuka. "Nini hicho?"

"Biriani ya njiani, katufungia Bi Kobe. Nifikishe kwetu, nitakulisha mgongoni. Ila ukizama, inalowa."

Kiboko akaguna, akaguna tena, akainamisha mgongo. Waliondoka polepole, hata wimbi hakutaka limrukie. Walipofika katikati ya maji, akageuza kichwa, akaachama, "Aaaa!"

"Subiri, kaka. Nani aliyebeba kifurushi?"

Kiboko akaachama zaidi.

"Nani?"

"...Wewe."

"Basi ngoja."

Hapo ndipo nilipowaacha, mmoja anatafuna, mwingine kaachama. Na nyinyi wanangu shikeni hili: sharti unalomwekea mwenzako, liweke ukijua kuwa na wewe litakufika.