Ukoko wa Bi Mwanahawa

Hata mbioni, punda hapiti alipolishwa. Wajukuu wa Bi Thinana waliusikia msemo huo mchana ule kinywani mwa jirani mmoja, Swabra, aliyekuja kuomba radhi kwa kupotea siku nyingi. Swabra alipoondoka, wasichana waliweka chini kofia walizokuwa wakishona, wakamwuliza bibi yao: punda gani huyo, mbio gani, na alilishwa nini? Bi Thinana alitia uzi kwenye sindano kwanza, maana hapendi kuharakishwa, kisha akawaeleza ulikotoka msemo.

Katika mji wetu huu, ambao vichochoro vyake havipitishi gari, kila Maulidi hufanywa mashindano ya punda pwani, kutoka gatini mpaka msikiti mpya. Zamani, kabla mama yenu hajazaliwa, alikuwako mshona makubadhi akiitwa Famau bin Shee. Hakuwa na punda hata mmoja, ila hakuna aliyewajua punda kama yeye. Kila mwaka, siku moja kabla ya mbio, baada ya sala ya alasiri, punda wote waliletwa uwanjani, Famau akawakagua mmoja mmoja, kisha akamtaja atakayeshinda. Miaka kumi na mmoja hakukosea. Watu walisema, "Famau akishataja, mbio zimekwisha, kilichobaki ni vumbi tu."

Alikuwa na namna yake ya kukagua. Alikunja sikio la punda aone linavyorudi, akagonga kwato kwa kifundo cha kidole, akalaza shavu ubavuni mwa mnyama kusikiliza pumzi. Mwisho alimwuliza mwenye punda: hubeba nini, na hupita njia ipi kila siku? Swali hilo ndilo alilolithamini kuliko yote. Miguu ya punda ina njia zake, alikuwa akisema, na mpandaji asiyezijua atapelekwa asikotaka.

Lakini huyo Famau alikuwa na jambo lililomkaa kooni. Alikuwa na dada, Mwanahawa, aliyemzidi miaka kumi. Mama yao alishinda shambani, kwa hiyo Mwanahawa ndiye aliyemlea. Kila akiepua wali wa nazi, alikwangua ukoko chini ya chungu, akauweka kwenye sahani ya bati, wakakaa kizingitini akimlisha kwa mkono. Famau alikua, akaota ndevu, akaoa, na bado alipitia kwa dada yake kula ukoko.

Kisha mama yao akafa. Siku ya hitma, mbele ya wageni, uchungu ulimzidi Mwanahawa, akamwambia nduguye, "Kwato za punda wa mji mzima unazijua, Famau. Mamako ameumwa miezi mitatu, hukujua." Yalikuwa maneno ya kweli, na ndiyo sababu yalimchoma. Famau aliapa hatakanyaga kizingiti kile wala hataki kusikia jina la mwenye nyumba. Ikapita miaka saba. Nyumba ya Mwanahawa ilikuwa pwani, kwa hiyo Famau alikwenda sokoni kwa kuzunguka nyuma ya mji, jua kali, na makubadhi ya wateja begani. Kila alipokula wali alimkumbuka dada yake, na kila alipomkumbuka alikasirika, na wali ukabaki sahanini.

Basi mwaka huo wa saba punda waliletwa uwanjani kama desturi. Famau alianza na mmoja aliyeitwa Tufani. Alimsikiliza ubavuni akatikisa kichwa. "Jina kubwa, pumzi ndogo. Huyu ataongoza mwanzo, kisha atakuwa mtazamaji kama sisi." Watu wakacheka. Akaja punda jike, Bi Arusi. "Huyu mbio anazo. Tatizo ni tumbo la mpandaji wake. Wa pili." Wakacheka zaidi, na mwenye tumbo naye akacheka.

Wa mwisho alikuwa Chuma, punda wa kijana aitwaye Athmani. Famau alilaza shavu ubavuni mwake akakaa hivyo kitambo kirefu. Alipoinuka, macho yalikuwa yaking'aa.

"Hubeba nini?"

"Mchanga, ami. Shogi mbili, moja kila ubavu, zimejaa."

"Njia gani?"

"Kutoka gatini, pwani kwa pwani, mpaka penye ujenzi wa madrasa. Ila ami, kuna jambo. Kila siku akifika kwa Bi Mwana—"

Famau aliinua mkono. "Nimekuuliza njia. Sikukuuliza nyumba za watu."

"Lakini ami, jambo lenyewe—"

"Basi!"

Watu waliangalia chini. Kila mtu alilijua jina lililokatwa katikati. Famau aligeuka, akatangaza kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, "Kesho ni Chuma. Asiposhinda Chuma, msiniulize tena habari za punda maisha yangu yote."

Kesho yake asubuhi Famau alisimama msikitini, mwisho wa mbio. Kipenga kililia huko gatini. Tufani aliongoza, na kama alivyotabiriwa, akachoka mapema. Kisha Chuma akachomoza mbele, masikio yamelala, Athmani amejibandika mgongoni bila tandiko. Aliwaacha wenzake kwa urefu wa punda wawili, kisha watatu. "Famau! Famau!" watu walishangilia, kana kwamba ndiye anayekimbia.

Halafu, mbele ya mlango wa nyumba moja, Chuma akasimama. Hakupunguza mwendo, alisimama tu, na Athmani akaruka juu ya masikio yake akaanguka mchangani. Punda wengine walimpita. Mbele ya macho ya Famau, Bi Arusi alimaliza wa kwanza na tumbo la mpandaji wake likiruka juu na chini.

Kicheko kilichozuka hakijawahi kusikika mjini. Famau hakungoja kiishe. Alitembea pwani kwa hasira, akitaka kumwona huyo punda kwa macho yake, na hasira ilimfanya asahau nyumba ile ni ya nani. Alipofika, kichwa cha Chuma kilikuwa ndani ya mlango, kwenye sahani ya bati.

"Punda huyu ana wazimu!" alipiga kelele.

"Hana wazimu, ami," alisema Athmani, akijipangusa mchanga. "Ndilo nililotaka kukwambia jana. Kila siku hula ukoko hapa. Ukimpiga, ukimvuta, hapiti."

Ndipo Famau alipoinua macho. Mwanahawa alikuwa amekaa kizingitini na chungu mapajani, akikwangua. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote. Alikuwa amezeeka, na Famau hakuwapo kumwona akizeeka.

"Mwache amalize," Mwanahawa alisema bila kumtazama. "Mbio zimekwisha, ukoko bado."

"Dada." Neno lilimtoka kabla hajalizuia. "Tangu lini unampa punda ukoko?"

"Sikuwa nikimwekea punda. Nilikuwa nikiuweka hapa kila nikiepua wali, mwenyewe akipita aukute. Mwenyewe hakupita. Akapita punda akala. Nikasema, heri yuko mmoja aliyeukumbuka mlango wangu."

Famau alilia mbele ya Athmani na mbele ya punda, bila kuficha uso. "Ulilosema siku ile lilikuwa kweli, dada. Sikujua mama anaumwa."

"Lilikuwa kweli, lakini halikuwa la kusemwa mbele za watu. Nisamehe, ndugu yangu." Akakwangua kipande cha mwisho, akakinyoosha kwa mkono wake kama zamani.

Famau alivua makubadhi, akamsukuma Chuma kidogo apate nafasi, akaingia.

Watu walikuwa wamefika nyuma yake kumcheka. "Haya, Mzee Famau!" mmoja aliita. "Leo umekosea!"

"Miguu yake sikuikosea," alijibu kutoka ndani, kinywa kimejaa. "Nililiuliza swali langu, nikalikataa jibu lake. Hata mbioni, punda hapiti alipolishwa. Mimi nimepita miaka saba."



Bi Thinana aliuma uzi akaukata. Mdogo wa wasichana akauliza, "Na Swabra, bibi? Alilishwa wapi?"

"Hapo ulipokaa wewe," alisema Bi Thinana. "Mama yake alipokuwa hospitali. Miaka miwili alikula sahani moja na mama yenu. Leo alisimama mlangoni hajui aanzie wapi, ndipo aliposema yale maneno, nami nikasogea apate nafasi ya kukaa."

Hata mbioni, punda hapiti alipolishwa.