Weupe Juu ya Ukuta wa Bibi Nurbanu

Tumehadithiwa na waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa Gujarati alikuwapo mjane mcha Mungu, Bibi Nurbanu, aliyefundisha mabinti kusoma Kurani. Mchana mmoja wa Ramadhani jirani yake Daudbhai, mwuza manukato, aliona weupe ukipanda juu ya ukuta wa ua wa bibi huyo. Akaenda moja kwa moja kwa kadhi.

“Sheikh, yule bibi anapika mchana. Anakula, na sisi tunampelekea mabinti zetu.”

Bibi akaitwa. Akasema, “Sikula,” wala hakueleza weupe ule ulitoka wapi. Watu wakahesabu kunyamaza kwake kuwa ni kukiri, na wazazi wakaanza kuwaondoa watoto chuoni kwake.

Siku hiyo kwa kadhi aliketi rafiki yake Pandit Haridatta, mzee wa Kihindu aliyeumaliza umri wake akichambua hoja za watu, ipi imesimama na ipi ina kilema. Kadhi akampa ruhusa ya kumwuliza Daudbhai.

“Ndugu yangu, umejuaje kuwa amekula?”

“Niliona moshi, na moshi hautoki bila moto. Jikoni kwangu ni hivyo, na kwako ni hivyo.”

“Haya. Mfua vyuma wa pale sokoni, moto wake unawaka tangu asubuhi. Naye amekula?”

“Huyo amefunga.”

“Basi moto haujatuonyesha kinywa cha bibi. Sababu yako inatangatanga: kwa mlaji imo, kwa aliyefunga imo. Haya, turudi nyuma. Huo moshi, wewe mwuza manukato, pua yako ilisema nini?”

Daudbhai angeweza kusema uongo. Nani angekwenda kuiuliza pua yake? Lakini naye alikuwa amefunga.

“Haikusema kitu,” akajibu. “Ulikuwa mweupe tu. Harufu haukuwa nayo.”

“Kumbe moshi wenyewe haujathibiti, na sisi tumekwisha kujenga ghorofa juu yake.”

Hapo kadhi akamsihi bibi aseme. Bibi akaeleza kuwa alikuwa akimwagia maji mawe ya chokaa iliyochomwa, ambayo hutokota na kutoa mvuke pasipo moto, apate kupaka ukuta wa msikiti kabla ya Idi. “Nilitaka ijulikane kwa Mola peke yake,” akasema.

Daudbhai akaomba radhi, akaahidi kupita mwenyewe nyumba kwa nyumba kuwarudisha mabinti.

“Kesho namwagia tena,” Bibi akamwambia. “Njoo uone. Ila safari hii pitia mlangoni.”

Jicho la Daudbhai, wanangu, halikukosea. Weupe aliuona kweli. Alikosea safari aliyoifunga kutoka pale ukutani hadi kinywani mwa mwenziwe. Mola atujaalie, tukifunga, na dhana zetu zifunge.