Bushi Zilizokazwa Gari Likiwa Juu

Mtu mmoja wa kule Usangi, Elinihaki kwa jina, aliachiwa na marehemu baba yake gari la Pijo, la zamani kuliko ndoa za wengi wenu mliokaa hapa. Alilipiga rangi upya, akasugua vyuma vya mbele mpaka ukaona meno yako. Kwa hilo simlaumu. Watu walisimama barabarani kulitazama, naye akapunguza mwendo ili watazame vizuri.

Lakini chini gari liligonga. Bushi zilikuwa zimekwisha. Bushi ni kipande cha raba, hakizidi ngumi ya mtoto, nacho hukaa kati ya chuma na chuma, pale mkono wa gurudumu unaposhikana na gari. Kila shimo la barabara kinalimeza chenyewe, na sijaona mtu anayekipiga rangi.

Mwaka huo mama yake aliteleza jikoni akavunjika nyonga. Alilazwa mjini, akawekewa chuma, na daktari akasisitiza jambo moja: siku ya kurudi nyumbani asitikiswe, la sivyo hatatembea tena. Jirani alijitolea gari lake, jipya na laini. Elinihaki akakataa katakata. Mama atarudi kwa gari la baba, alisema, na watu wote wamwone. Basi mama akiwa bado wodini, alinunua bushi mpya, nzuri, akazifunga mwenyewe uani kwake.

Kazi aliianza vizuri. Alipandisha gari kwa jeki, akaliegemeza kwenye magogo, akafungua ile mikono ya magurudumu, akazitoa raba kuukuu kwa vaisi, akaziingiza mpya kwa maji ya sabuni. Grisi hakutia, maana grisi hula raba. Ikabaki kukaza bolti. Sasa sikilizeni hapa. Bolti hizo hazikazwi gari likiwa juu. Unalishusha kwanza, magurudumu yakanyage chini, uzito wote ukae, ndipo unajipenyeza chini ya gari, mgongo kwenye vumbi, unakaza. Ukikaza gurudumu likiwa linaning'inia, raba inashikwa katika hali isiyo na mzigo. Mzigo ukishuka, inasokoteka, na itabaki imesokoteka hivyo hata gari likiwa limeegeshwa, mpaka ichanike.

Naye alijua! Hilo ndilo linalonichoma. Yeye na mdogo wake, Nakijwa, walikulia pembeni mwa gari hilo, wakimshikia baba yao spana. Siku hiyo Nakijwa alikuwa hapo uani akifua mashuka ya mama, akamwona anakaza. Akaacha kufua, akamwambia, "Kaka, teremsha gari kwanza. Usiifunge raba kabla haijabeba kitu."

Elinihaki alijitia hamnazo. Gari likiwa juu unakaa kwenye kigoda, mkono unafika, shati halichafuki. Alikaza kwa nguvu zake zote, na kwa jinsi alivyokaza akajiona fundi. Kisha akawa analizungusha gari kijijini kila jioni mpaka siku mama aliporuhusiwa.

Siku hiyo, walipoanza kupanda mlima na barabara ikaingia mawe, gari likaanza kugonga, chuma kwa chuma. Mama alilia kwa maumivu. Nakijwa, aliyekaa naye nyuma, alimsihi kaka yake asimame watafute gari lingine. Hakusimama, kwa sababu watu walikuwa wanatoka majumbani kuwapungia mikono, naye alikuwa anajibu kwa honi. Basi binti yule akampakata mama yake, akakaza miguu kwenye kiti cha mbele, akawa anapokea kila kishindo kwa mwili wake mwenyewe mpaka nyumbani.

Haikutosha. Chuma cha nyonga kilihama. Mama yule leo anabebwa kutoka kitandani hadi mlangoni akaote jua, na anayembeba ni Nakijwa.

Na Elinihaki je? Alizitoa zile raba, akasimama nazo mbele ya majirani, moja imechanika kushoto na nyingine kulia, akalalamika kwamba raba za siku hizi hazina uvumilivu. Uvumilivu! Raba iliyosokotwa tangu siku ya kwanza, ikabeba gari zima katika hali hiyo, ndiyo inayofundishwa uvumilivu na mtu aliyeogopa kuchafua shati. Na majirani wakaitikia kwa vichwa.

Ndugu zangu, nisingewachosha na habari za magari. Lakini juzi niliitwa kwenye kikao cha ukoo mmoja wa usharika huu huu. Wanaume wamevaa makoti, wanamsema binti aliyewauguzia wazee wao miaka na miaka, akachoka, akaondoka. Mabinti wa siku hizi, walisema, hawana uvumilivu. Nikakumbuka siku walipomkabidhi kazi hiyo, maana nilikuwapo na niliombea chakula. Siku hiyo wazee wote walikuwa wazima, wanakula vizuri, na kila mtu ana soda mkononi. Walimwambia yeye ndiye nguzo, ataweza, nao watakuwa naye bega kwa bega. Wakamkaza hapo hapo, kwa makofi na vigelegele. Mzigo uliposhuka, sikuona koti hata moja likiingia naye vumbini.

Basi nawauliza, na msitazame chini: raba ilipochanika, spana ilikuwa mkononi mwa nani?