Kidole cha Mpiga Chuku

Wamehadithia watu wa zamani, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba miji miwili ya jangwani, wote watu wa kibla kimoja, iligombania kisima mpaka ikatoleana panga. Shetani akishakaa kati ya ndugu, hana haya.

Katika jeshi la mji mmoja alikuwamo mcha Mungu aitwaye Ghanimu, mpiga chuku wa sokoni, mtoa damu chafu kwa pembe. Hakubeba upanga. Alibeba vitambaa na kiriba cha maji, akipita chini ya mishale kufunga majeraha. Askari walimtania kwamba kazi yake ni kuumika watu kwa pembe, leo amejifanya tabibu. Naye aliendelea na kazi yake, maana midomo ya watu haifungwi kwa kitambaa.

Siku ile, baada ya adhuhuri, alimkuta askari wa mji wake aitwaye Mudriki, ambaye hawakuwahi hata kusalimiana naye, ameanguka katikati ya bonde. Mshipa mkubwa wa paja ulikuwa umekatwa, juu kabisa kwenye nyonga, pasipofungika. Ghanimu akatia kidole gumba jerahani, akakandamiza, damu ikasimama. Akilegeza tu, inaruka.

Ndipo likapigwa baragumu la kurudi nyuma. Wenzake walimwita mara moja, kisha wakapita mbio bila kugeuka. Vumbi likatulia, bondeni wakabaki maiti na wao wawili. Mishale ya adui haikukoma, na mmoja ukamwingia Ghanimu begani. Wallahi, nadhani mshale ule haukumuuma kama kuona migongo ya jamaa zake ikitokomea.

Mudriki akamwambia kwa sauti ndogo, "Nenda, bwana. Huenda una watoto wanaokungoja."

"Nikiinua kidole hiki nitakuwa nimekuua mimi, si wao," akajibu.

Alasiri ikaingia. Akapiga mchanga kwa mkono wa kushoto, akapaka uso, akaswali kwa ishara ya kichwa. Katika dua alilia, akasema, "Ya Rabbi, naogopa. Sina mtu ila Wewe." Msidanganywe, ndugu zangu, mcha Mungu naye huogopa.

Mara maadui wakashuka bondeni, panga mikononi. Mkubwa wao akauliza hawa ni wa upande gani. Mudriki alimsihi kwa macho aseme kuwa ni wasafiri tu, lakini Ghanimu hakuwa mtu wa kusema uongo.

"Sisi ni wa mji mnaopigana nao," akasema. "Mkitaka kuniua, niueni. Lakini kwanza mmoja wenu aweke kidole hapa."

Wakatazamana. Mkubwa wao akaweka upanga chini, akapiga magoti, akatia kidole chake. Ghanimu akatoa chake, kilichokwisha kufa ganzi. Yule bwana akausikia mshipa wa adui yake ukipiga, akabaki ameinama pale pale. Watu wake wakamwuliza sasa wafanye nini.

"Washeni moto, mpashe chuma tumchome jeraha," akasema. "Na huyu mchomoeni mshale. Mimi siwezi kuondoka hapa."

Mudriki alipona, ingawa alichechemea maisha yake yote. Na sisi je? Mgonjwa tunamwombea tukiwa tumesimama mlangoni, viatu miguuni. Mola atujaalie moyo wa kukaa.