Mbuzi wa Ukapteni

"Ngoma iliyochezwa, mbuzi harudi." Ndivyo shangazi yenu alivyowajibu, sivyo? Mmenunua mavazi na mapanga kwenye huo mchezo wenu wa simu, bei ikashuka wiki hii, mkataka mrudishiwe kilichozidi. Yeye akawatupia methali, akaenda zake jikoni. Nusu ya methali, nasema. Kaeni niwape nzima, na mwanzo wake ni huu.

Zamani, mjini Mikindani, palikuwa na chama cha ngoma cha akina mama, kiongozi wao Bi Somoe. Chama kile kilikuwa na vyeo vyake, na kikubwa miongoni mwake ni ukapteni. Kapteni hakuwa na amri kwa mtu yeyote, si sokoni wala nyumbani kwake. Cheo kiliishia uwanjani: ngoma ikipigwa yeye hutangulia, hushikiwa mwavuli, na sahani ya kwanza ya pilau ni yake. Ukikitaka unatoa mbuzi, anachinjwa, chama kinakula.

Mwanachama mmoja, Mwantumu, alikitaka mpaka akakosa usingizi. Alikuwa na mbuzi mmoja tu, jike la maziwa, akamtoa. Mumewe akabaki na chai ya rangi, na kununa akanuna. Lakini mwenyewe Mwantumu, acheni tu. Mwaka mzima alitembea chini ya mwavuli ule, shingo imesimama, harusi hii na harusi ile, hata waliokuwa wakimdharau wakawa wanampisha.

Kumbe chama cha mtaa wa pili kilikuwa kinawavuta wanachama. Bi Somoe akaona atabaki peke yake, akatangaza kwamba tangu siku ile ukapteni ni sinia la vitumbua. Kufumba na kufumbua mtaa umejaa makapteni, miavuli haitoshi.

Mwantumu alipandwa na hasira. Kilichomuuma zaidi ni kuonekana mjinga mbele ya mumewe. Akafunga kibwebwe mpaka uani kwa Bi Somoe, akawakuta wanachama wamekaa.

"Shikamoo, Bi Somoe. Nimemfuata mbuzi wangu."

"Marahaba. Mbuzi yupi, mwanangu? Si tulimla? Na paja ulikula wewe."

"Basi nipeni mwingine. Wenzangu wametoa vitumbua, mimi nimetoa maziwa ya nyumba nzima. Haki iko wapi?"

Bi Somoe hakukasirika. Alimsogezea mkeka. "Haya, nitakupa. Ila nawe turudishie ngoma zetu. Ile ya harusi ya wifi yako, ile ya Idi, na zile sahani zote za kwanza. Ukizileta, mbuzi chukua."

Mwantumu akakaa mkekani. Aliikumbuka harusi ile, mama mkwe wake mwenyewe akimshikia mwavuli. Siku ile asingeiuza hata kwa mbuzi wawili. Kicheko kikamtoka bila kutaka.

"Nimeshindwa, Bi Somoe. Nilicheza, na nilifaidi."

Wanawake wakacheka naye. Mara mbuzi akalia nyuma ya jiko.

"Na huyo je?" Mwantumu akauliza.

"Wa Mwajabu. Alimleta siku moja kabla bei haijashuka. Tunamchinja Ijumaa."

Mwajabu alikuwa ameolewa pale karibuni, bado mgeni. Alikuwa amekaa mwishoni mwa mkeka, ameinamisha macho.

"Ameshatangulia ngoma?"

"Bado."

"Mwavuli ameshikiwa?"

"Bado, lakini masufuria tumeshayaazima."

"Masufuria yarudisheni," Mwantumu akasema. "Mimi nimedai ngoma niliyokwisha kuicheza, mkaninyima, na ni haki yenu. Huyu hajaonja kitu. Mkimla mbuzi wake mtakuwa mmemdhulumu."

Hakungoja jibu. Alikwenda nyuma ya jiko, akafungua kamba, akaitia mkononi mwa Mwajabu. "Kalete vitumbua, kapteni mwenzangu."

Bi Somoe akameza mate, maana supu alikuwa ameshaionja moyoni. Lakini alikuwa mtu wa haki, akaitikia kwa kichwa, akatoa hukumu.

Basi kabla hamjaenda kugombana na wenye mchezo, kila mmoja alitazame vazi lake: ameshatamba nalo, au ndiyo kwanza amelinunua? Jibu lenu ni lile alilolitamka Bi Somoe siku ile, mji mzima ukalishika: ngoma iliyochezwa, mbuzi harudi, isiyochezwa, mfungue kamba.