Ubao wa Mama Nakijwa

Korongo haliulizi godoro, huuliza ubao.

Babu yenu kaisema sasa hivi, kageuka kaenda zake, na ninyi mmebaki mnacheka. Chekeni tu. Nasemba, weka chini hiyo mashine ya kahawa kabla haijakuvunja mguu, uje ukae hapa. Na wewe Mcharo, achana na hizo taa za rangi. Gari lenu la kulala ni zuri, sikatai. Friji limo, spika zimo, godoro la inchi kumi limo. Koleo sijaliona. Dumu la maji sijaliona. Mnaniuliza maneno ya babu yenu yametoka wapi? Hayakutoka kitabuni. Yalitoka kinywani mwa mama yangu mzazi, siku niliyodhani nitampoteza mbele ya macho yangu, na sitakuwa hata na kaburi la kulilia. Ilikuwa hivi.

Mama yangu, Nakijwa, alianguka kwenye shamba lake la tangawizi kule mlimani, akavunjika mguu. Hospitali wakamfunga plasta ngumu tangu pajani hadi vidoleni. Kabla haijafunguliwa ikaja habari kwamba dada yake wa Handeni ni mgonjwa sana. Mama akasema, "Nipelekeni nikamwone. Nikisubiri mguu upone, nitakuta msiba." Kwenye basi asingeweza kukaa na mguu ule. Ndipo babu yenu aliposema, "Mama atakwenda kwa kombi yangu, tena amelala. Njiani tutapumzika tutakavyo."

Sasa, babu yenu alikuwa fundi wa makochi, na hapa Same hapakuwa na wa kumshinda. Kombi ile ndiyo aliyopelekea makochi kwa wateja. Akaifungia karakanani wiki nzima, hataki mtu achungulie. Alipofungua milango nilishika mdomo. Sponji mpaka darini! Mapazia ya bluu yana nyuzi za dhahabu. Zulia. Mito kumi na minne, niliihesabu mwenyewe. Meza ya kukunja kwa ajili ya chai, na katikati godoro nene hata ukilikalia unapotea.

Vitu vizuri vinataka nafasi, basi vingine vikashushwa. Koleo lilishuka. Dumu la pili la maji likashuka. Na zile mbao mbili alizokuwa akiziweka chini ya jeki kila gari likikwama, nazo akazishusha kwa sababu zilikuwa na matope na zingechafua zulia. Nikamuuliza, "Baba Mbonea, tukikwama je?" Akanicheka. "Kiangazi chote hiki, tukwame wapi?"

Mama alipoletwa, wanawake wanne tulimbeba tukampandisha. Babu yenu alisimama mbali, maana kwetu enzi hizo mkwe wa kiume hamgusi mama mkwe wake, hata mkono hampi. Hata maneno yao mengi yalipitia kwangu. Mama akakaa juu ya lile godoro, akazama, akaninong'oneza, "Namkunda, mgongo wangu huu hauwezi sponji. Mwambie mumeo aniwekee ubao wangu." Alikuwa na ubao wake wa mninga, mpana, aliokuwa akiulalia tangu mgongo uanze kumsumbua.

Nikaenda kumwambia. Uso ulimshuka. "Mama mkwe wa fundi makochi alale ubaoni? Mke wangu, unataka watu waniseme?"

Sikubishana naye. Alipokwenda kuoga, mimi na jirani tukautandika ule ubao juu ya godoro, tukaufunika kwa shuka na blanketi, mito tukaipanga pembeni. Mama akaniapisha. "Usimwambie. Usimvunjie heshima mumeo, kajitahidi." Nikaapa.

Tukashika njia ya Kisiwani, chini ya milima. Babu yenu alikuwa na raha, kila mara anaita, "Mama analala vizuri?" Na mimi najibu, "Vizuri sana." Uongo ule niliurudia hata nikauzoea.

Saa nane mchana tukafika korongo moja pana. Kavu kabisa, mchanga mweupe kama unga, kingo zake zimesimama kama kuta. Njia inashuka upande huu, inapanda upande wa pili. Tukashuka. Tulipofika katikati, gurudumu la nyuma la kushoto likaanza kuchimba. Babu yenu akakanyaga mafuta, likachimba zaidi, mpaka kombi ikakaa kwa tumbo.

Akatoa jeki. Akaiweka mchangani, akazungusha. Badala ya gari kupanda, jeki ikashuka. Akaitoa, akaihamisha, ikazama tena. Akaleta mto akauweka chini ya jeki. Mto ukapasuka, sponji ikatoka. Akaleta wa pili, wa tatu. Akakunja zulia, nalo likazama pamoja na jeki. Alikuwa anachimba kwa sahani ya chai, wajukuu zangu. Kwa sahani!

Na mimi nimesimama pale. Nilijua ubao uko wapi. Tangu jeki ilipozama mara ya kwanza nilijua. Nikanyamaza. Nilijiambia, atapata njia nyingine, atapita mtu, gari litatoka, na hakuna atakayeaibika. Zaidi ya nusu saa nilinyamaza. Hilo linaniuma mpaka leo, na siwafichi.

Halafu ndege wakanyamaza. Juu yetu jua linawaka, lakini nilipotazama mlimani niliona kule juu kumekuwa kweusi, mvua imeshuka yote huko. Ukaja upepo wa baridi kutoka juu ya korongo, na ndani yake harufu ya udongo uliolowa. Nyinyi mlizaliwa mjini, harufu hiyo mnaipenda. Mimi nilipoisikia, nikamvuta babu yenu shati.

"Baba Mbonea," nikasema, "unasikia harufu?"

Yeye alikuwa anatazama mchanga. Ulimi mwembamba wa maji ulikuwa unakuja, una povu na vijiti na mavi ya mbuzi, unatambaa polepole. Ukapita kwenye miguu yetu, baridi. Na nyuma yake, mbali, nikasikia mngurumo kama lori linalomwaga mawe, ila lile lori halimalizi kumwaga.

Babu yenu akakimbilia mlangoni. Akasimama pale, mikono imenyooka. "Mama," akasema, "unisamehe. Nakubeba."

Mama akamwambia, "Utanibeba uende wapi? Wanawake wanne walinipandisha kwa shida. Mpaka ule mpando ni hatua mia, na wewe mwenyewe umechoka. Tutakufa wote. Nendeni. Mna watoto wadogo nyumbani."

"Siendi!" nikapiga kelele. "Mama, siendi!"

"Nenda, Namkunda."

Maji yalifika kwenye vifundo vya miguu. Mngurumo ulikuwa karibu, ardhi naisikia ikitetemeka kwenye nyayo. Ndipo hofu iliponishinda aibu. "Ubao!" nikasema. "Baba Mbonea, kuna ubao! Mama ameulalia!"

Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi. "Ubao gani?"

"Wangu," mama akasema kabla sijajibu. Akashika pazia la nyuzi za dhahabu, akajivuta, akajibiringisha pembeni na plasta yake huku analia kwa maumivu. "Chukua, mwanangu. Utanikasirikia baadaye."

Babu yenu akang'oa shuka. Ubao ukaingia chini ya jeki, jeki ikakaa, akazungusha, na safari hii kombi ndiyo iliyopanda. Naapa sijawahi kusikia sauti tamu kama ule mlio wa jeki. Mimi nakusanya mawe madogo ndani ya maji, nachota kwa mikono miwili, nayasukumiza chini ya gurudumu. Kucha zilitoka, sikusikia. Godoro lilikuwa limeziba mlango, nikalivuta nikalitupa nje. Kombi ikashushwa juu ya mawe. Babu yenu akarukia usukani. Mimi nikachomoa jeki na ubao nikavitupa ndani, nikasukuma.

Mara ya kwanza injini ikakohoa ikazima.

Mara ya pili ikazima.

"Mungu wangu," nikasikia babu yenu akisema, kwa sauti ya mtoto.

Mara ya tatu ikashika. Gari likatikisika, likatoka, nami nimening'inia mlangoni, mama kanishika gauni. Tulipanda ule mpando, na gurudumu la nyuma lilipogusa ardhi ngumu nikageuka. Maji yalikuja ya kahawia, yamesimama, yamebeba mti mzima na mizizi yake. Yakapita pale pale tulipokuwa. Nililiona lile godoro likinyanyuliwa, likazunguka mara moja, likaenda. Ningeweza kuwa namtazama mama yangu.

Babu yenu alizima gari, akashuka, akakaa chini, akalia. Hakuna aliyemcheka. Mama akasogea mlangoni na mguu wake, akazungumza naye tena bila kupitia kwangu; tangu niolewe, siku hiyo ndiyo ya kwanza.

"Mkwe wangu," akasema, "godoro lako lilikuwa zuri sana, na najua ulilishona kwa mapenzi. Lakini korongo haliulizi godoro, huuliza ubao."

Babu yenu akainua kichwa. "Kwa nini hamkuniambia, mama?"

"Tuliogopa kukuvunjia heshima," mama akajibu. "Tumekosa sote watatu."

Dada yake tulimkuta hai. Walikaa siku nne wanashikana mikono, na mama akalala ubaoni kila siku, waziwazi, na babu yenu ndiye aliyemtandikia.

Haya, babu yenu huyo anakuja. Mnaona amebeba nini? Sogeeni mguse. Hilo shimo la mviringo katikati ni alama ya jeki ya siku ile. Nasemba, unarudisha mkono wa nini? Ni ubao tu.

"Bibi yenu amewaambia kwamba alijua?" anauliza.

Nimewaambia, mzee. Nimewaambia yote.

Basi iacheni hapo chini hiyo mashine ya kahawa, muupakie ubao. Na mmoja wenu akiona kitu kimesahaulika, aseme sasa, hata kama mwenzake atanuna. Korongo haliulizi godoro, huuliza ubao.