Kaa wa Koko na Magunia ya Mfalme

Hadithi inakuja!

Na ije, tumeketi!

Ije na nani?

Ije na wenyewe!

Basi hapo zamani, zamani sana, Kaa waliishi kwenye koko, pale mto unapokutana na bahari na mikoko husimama ndani ya tope. Walichimba mashimo yao hapo, wakazaa hapo, wakazikana hapo. Mkubwa wao alikuwa Bi Kaa, mama mwenye gando moja kubwa na maneno machache.

Siku moja kikaja kimbunga. Kikavuma siku ya kwanza. Kikavuma siku ya pili. Kikavuma siku ya tatu. Kilipoondoka, mikoko ililala chini, mizizi juu, na mashimo yote yamejaa mchanga. Bi Kaa alitafuta mlango wa nyumba yake asiuone.

Habari zikafika bara kwa Mfalme Nyati. Mfalme akahuzunika sana. Akatoa magunia ya chakula, akamwita Ngiri. "Nenda ukawagawie walioumizwa na kimbunga. Usimwache hata mmoja."

Ngiri akaenda, akayapanga magunia kilimani. Kima wa kilimani, waliopoteza majani mawili matatu tu ya paa, wakapewa, wakaongezwa.

Bi Kaa akapanda kilima, ubavu ubavu, mpaka kwa Ngiri.

"Bwana Ngiri, nyumba zetu zimefukiwa."

"Paa lako lililoezuliwa liko wapi?"

"Sisi hatuezeki, bwana. Tunachimba."

"Huna paa, hujapoteza kitu. Pita!"

Siku ya pili akapanda tena.

"Koko lile mlipewa na nani?" Ngiri akauliza.

"Hatukupewa. Tulizaliwa pale. Hata babu yake Mfalme alitukuta."

"Hamkupewa, basi si lenu. Pita!"

Kima wakacheka. Bi Kaa alisikia uso ukimwaka moto, lakini hakuinama.

Siku ya tatu Ngiri akashuka mwenyewe mpaka kokoni, sauti laini kama mafuta. Mkononi ana jani pana. "Bi Kaa, nimewaonea huruma. Kila nyumba nitaipa gunia. Tieni tu alama ya gando kwenye jani hili, kwamba mmehama na koko ni tupu."

Wifi yake Bi Kaa akamshika gando. "Wifi, tutie tu. Watoto hawajala tangu juzi."

Bi Kaa akawatazama watoto. Moyo ukamuuma. Akamgeukia Ngiri. "Tukihama sisi, atakaa nani hapa?"

Ngiri akalitazama lile tope zuri, laini, la kugaagaa. 

"Nimekuelewa," akasema Bi Kaa. "Rudi na jani lako."

Kisha akamwambia wifi yake, "Wape watoto majani ya mikoko iliyoanguka. Mimi naenda kwa Mfalme."

Akatembea. Ubavu ubavu akavuka mchanga, ubavu ubavu akavuka mawe, ubavu ubavu akavuka nyika yenye jua kali. Siku ya saba akafika, gamba limepauka.

"Mama, umekuja kuomba nini?" akauliza Mfalme Nyati.

"Sikuja kuomba, Mfalme. Nimekuja kukualika. Njoo uone ulichokitoa kimefika wapi."

Mfalme akamtazama sana. Kisha akainamisha kichwa, akampandisha juu ya pembe yake, wakashuka pwani.

Walikuta maji yamekupwa. Ngiri akaja mbio, jasho linamtiririka. "Mfalme, hapa hapana mtu! Ni tope tu."

Bi Kaa akashuka, akasimama katikati ya koko. Akanyanyua gando lake kubwa, akaita, "Wenyewe mpo?"

Tope likatikisika. Akatoka kaa mmoja. Wakatoka kumi. Wakatoka mia, wakatoka elfu, wakubwa kwa wadogo, hata vikongwe wasioona, kila mmoja gando juu. Koko zima likawa jekundu kwa magando.

"Tupo!"

Mfalme akarudi nyuma hatua moja. "Wote hawa?"

"Wote hawa," akasema Bi Kaa. Siku hiyo alijiona mrefu kuliko mkoko.

Mfalme akauliza neno ambalo Ngiri hakuwahi kuliuliza. "Mama, mnahitaji nini?"

"Chakula cha watoto wetu leo. Miche ya mikoko kesho. Na mtu wa kutoa mchanga kwenye mashimo yetu. Wala Kima usiwanyime. Kila mmoja apate kwa kadiri alivyoumia."

Ikawa hivyo. Magunia yakagawanywa upya, watoto wakala wakashiba. Kima wakaagizwa kubeba miche, nao Kaa wenyewe wakaonyesha pa kuipanda. Ngiri akaamriwa kupiga magoti na kufukua mashimo kwa pua yake, moja baada ya jingine, mpaka la mwisho. Alizoea hivyo hivyo. Ndiyo maana mpaka leo ngiri akichimba hupiga magoti, na kaa akikutana nawe pwani hukunyanyulia gando.

Wanangu, funzo ni hili. Ukitaka kumsaidia aliyepatwa na msiba, muulize kwanza anahitaji nini, umpe haki yake palepale alipo. Na wewe uliyepatwa, usikubali kuuza kwenu kwa gunia moja.

Mimi nimefika mwisho. Utamu wake gawaneni sawasawa. Uchungu wake niachieni mwenyewe.